Askari wa Kirumi huvishwa kuanzia miguuni: dirii na zana kwa anayeanza

Anayeanza kuigiza askari wa Kirumi mara nyingi huanzia mwisho. Picha aliyonayo kichwani ni ya dirii ya mabamba inayometameta, basi hiyo ndiyo anayoilipia kwanza, na ndiyo yenye bei kubwa kuliko karibu vyote. Baadaye anagundua kuwa kikundi anachotaka kujiunga nacho kinaigiza miaka ambayo dirii ya aina ile haikuwa imetengenezwa, au kwamba mabamba ya shingoni yanamchimba mitulinga kwa sababu hana nguo ya kuvaa chini yake. Dirii nzuri juu ya fulana na raba haimpi mtu sura ya askari. Kanzu ya sufu, viatu vya misumari na mshipi, bila dirii yoyote, tayari vinampa sura ya askari aliye kazini kambini. Kwa hiyo tunashauri utaratibu wa kinyume: amua mwaka na mahali kwanza, kisha nguo, viatu, mshipi, upanga, chapeo, ngao, na dirii iwe ya mwisho.

Mwaka mmoja, mahali pamoja

Jeshi la Roma halikuwa na sare moja iliyodumu karne zote. Zana zilibadilika, tena kila moja kwa mwendo wake, na hapo ndipo wanaoanza hupotea. Askari wa Julius Caesar alivaa dirii ya pete na chapeo ya shaba ya aina ya Montefortino au Coolus. Dirii ya mabamba hakuijua. Upanga mfupi wa aina ya Mainz, wenye ubapa mpana na ncha ndefu, ni wa enzi za Kaisari Augusto na warithi wake wa kwanza. Ule wa aina ya Pompeii, wenye makali yaliyonyooka sambamba na ncha fupi, unaanza kushika nafasi katikati ya karne ya 1 BK. Makubadhi ya misumari yaitwayo kaliga yanatoweka mwanzoni mwa karne ya 2, na nafasi yake inachukuliwa na viatu vilivyofunika mguu.

Dirii ya mabamba, ambayo wauzaji huiita lorika segmentata (jina ambalo Warumi wenyewe hawakulitumia), inakuja kwa aina tatu kuu. Ya kwanza ni ya Kalkriese huko Ujerumani, mahali panapohusishwa na vita vya mwaka 9 BK kati ya Warumi na Wajerumani. Ya pili ni ya Corbridge kaskazini mwa Uingereza, ambako mwaka 1964 lilifukuliwa sanduku la mbao lililojaa vipande vya dirii. Hii hugawanywa katika A na B. Ya tatu ni ya Newstead huko Uskoti, iliyo ya baadaye na yenye vifungo vichache na imara zaidi. Muuzaji akikuandikia “dirii ya Kirumi” tu, bila kutaja mojawapo, muulize. Vivyo hivyo chapeo: majina kama Imperial Gallic G au Imperial Italic D yanatokana na mpangilio wa H. Russell Robinson, mtaalamu wa silaha za kale wa Uingereza, na kila herufi inasimama kwa umbo lake.

Kuna mafungu mawili ambayo anayeanza anaweza kuyafuata bila hofu. La kwanza ni askari wa lejioni (vikosi vikuu vya raia wa Roma) wa Uingereza au bonde la Rhine karibu mwaka 75 BK: kaliga, upanga wa Pompeii, chapeo ya Imperial Gallic, ngao ya mstatili iliyopinda, na dirii ya Corbridge A au ya pete. La pili ni askari wa Rhine karibu mwaka 9 BK: upanga wa Mainz, mishipi miwili inayopishana kiunoni, chapeo ya Coolus au Imperial Gallic za mwanzo, ngao yenye pande za mviringo, na dirii ya pete. Fungu la kwanza lina wauzaji wengi zaidi na ndilo ambalo vikundi vingi vya Ulaya na Marekani huigiza. Ermine Street Guard cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kinachohesabiwa miongoni mwa vikundi vya zamani zaidi, ni cha karne hiyo ya 1.

Usitegemee picha moja ya kale. Mnara wa Kaisari Trajano ulioko Roma, uliokamilika mwaka 113, unawaonyesha askari wa lejioni wakiwa na dirii za mabamba na wale wa vikosi vya usaidizi, yaani wasio raia, wakiwa na dirii fupi za pete. Mchongaji alihitaji mtazamaji aliye chini awatofautishe. Kwenye mnara wa Adamclisi huko Romania, uliojengwa kwa ajili ya vita vya Dakia, vilevile vinavyosimuliwa na mnara wa Trajano, askari wa lejioni wamevaa dirii za pete na za magamba, na baadhi wana kinga ya mabamba kwenye mkono wa kulia. Kwa maoni yetu, anayechagua dirii ya pete hapungukiwi chochote kwa usahihi.

Hili lina uzito hata kwa wanaoandaa igizo la Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, ambalo huenda ndiko askari wa Kirumi anakoonekana zaidi katika parokia za Afrika Mashariki. Yudea ya Pontio Pilato haikuwa na lejioni. Lejioni zilikuwa Siria. Pilato alikuwa prefekti, kama jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 linavyomtaja, na askari wake walikuwa wa vikosi vya usaidizi, wengi wao wakiandikishwa Sebaste na Kaisaria yenyewe. Askari wa igizo hilo hahitaji dirii ya mabamba wala ngao kubwa iliyopinda. Anahitaji kanzu fupi, mshipi, viatu, mkuki, ngao bapa ya umbo la yai, na akiweza, dirii ya pete. Ni rahisi zaidi kutengeneza, na ni sahihi zaidi.

Kanzu na shuka la shingoni

Kanzu ya askari ni vipande viwili vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja. Kila kimoja kiwe na upana wa karibu sentimita 100 na urefu wa sentimita 110, kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kitambaa cha sufu chenye upana wa mita moja na nusu, ukinunua mita 2.3, kinatosha pamoja na pindo. Shona begani ukiacha mpasuo wa sentimita 35 hadi 40 wa kupitisha kichwa. Usikate shingo ya duara. Shona ubavuni ukiacha nafasi ya mkono juu. Kwa kuwa kanzu ni pana, kitambaa chenyewe huanguka hadi karibu na kiwiko na kuonekana kama mkono mfupi.

Bila mshipi kanzu hufika chini ya goti. Ukiisha kujifunga, ivute juu ya mshipi mpaka pindo liwe juu kidogo ya goti. Wengi hukosea kwa kuikata fupi tangu mwanzo. Ikivutwa juu ya mshipi hugeuka shati. Rangi zilizo salama ni nyeupe isiyokolea ya sufu ya asili, au nyekundu ya mizizi ya mimea, ile inayoelekea kwenye matofali. Nyekundu kali ya kiwandani inamfichua mtu akiwa mbali. Epuka poliesta: haipitishi hewa, na cheche moja ya moto wa kambi huiyeyushia ngozini.

Shuka dogo la shingoni si pambo. Hukaa kati ya ukingo wa dirii na ngozi, na asiyelivaa atarudi nyumbani na alama nyekundu pande zote za shingo.

Kaliga

Hapa usibanie pesa. Kaliga ina tabaka tatu: wayo wa ndani, sehemu ya juu iliyokatwa kwa kipande kimoja cha ngozi chenye vidole vya kupitishia kamba, na wayo wa nje. Tabaka hizo hushikwa na misumari yenye vichwa vya koni, 80 hadi 90 kwa kila kiatu, inayopigwa kutoka chini kisha ncha zake kukunjwa ndani ya ngozi. Ngozi iwe iliyotiwa dabaghi la magome, yenye unene wa milimita 2 hadi 3 kwa sehemu ya juu. Ngozi laini ya viwandani iliyotiwa dawa ya kromiamu hunyooka, na baada ya safari chache mguu unaelea ndani.

Kabla ya kuvaa, pitisha kidole ndani ya wayo wote. Ncha ya msumari ambayo haikukunjwa sawasawa utaihisi kama punje ya mchanga. Mguuni, baada ya kilomita moja, itakuwa kidonda. Weka kiatu juu ya kipande kizito cha chuma na uigonge ncha hiyo ilale. Kisha loweka ngozi kwa maji ya uvuguvugu, funga kamba mguuni, tembea mpaka viatu vikaukie kwenye umbo la mguu wako, na mwishowe vipake mafuta ya ngozi. Soksi zinaruhusiwa: kibao kimoja cha barua kilichopatikana Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, kinataja soksi na chupi alizotumiwa mtu aliyekuwa pale.

Misumari hushika vizuri kwenye udongo na majani. Kwenye vigae, saruji laini au ngazi za mawe huteleza vibaya. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anasimulia jinsi akida Juliano alivyokuwa akiwafukuza maadui katika ua wa hekalu la Yerusalemu mwaka 70, viatu vyake vya misumari vikateleza kwenye sakafu ya mawe, akaanguka chali na kuuawa. Ukiwa juu ya sakafu ya namna hiyo, usikimbie, na weka wayo mzima chini kwa wakati mmoja badala ya kutanguliza kisigino. Misumari hung'oka, beba ya akiba na nyundo ndogo.

Mshipi, jambia na upanga

Mshipi wenye vibati vya shaba ndio uliomtambulisha askari hata akiwa bila silaha, kwa hiyo uununue mapema. Uwe wa upana wa vibati vyake, usizidi sana. Jambia, pugio, huning'inia kushoto. Linaweza kusubiri mwaka wa pili.

Upanga wa askari wa kawaida hukaa kulia, na wa akida kushoto. Kuuchomoa kwa mkono wa kulia kutoka upande huohuo kunawezekana kwa kugeuza kiganja: kidole gumba kielekee chini, vuta juu moja kwa moja, kisha zungusha mkono mbele. Ala ikiwa juu sana, kwapa litakuzuia. Ikiwa chini sana, kiwiko hakitanyooka. Mpini uwe karibu na usawa wa kiwiko kilichokunjwa.

Panga za mapambo za chuma kisichoshika kutu hazifai. Ndani ya mpini kuna fimbo nyembamba yenye skrubu iliyochomelewa kwenye ubapa, na hapo ndipo hukatika, ubapa ukaruka. Tafuta upanga wa chuma cha kaboni ambao ubapa na mkia wake ni kipande kimoja, mkia ukipita mpini wote na kugongwa bapa juu ya tufe la mwisho. Kwa maonyesho, makali yawe na unene wa milimita 2 hivi na ncha iliyoviringwa.

Chapeo

Kosa la kawaida ni chapeo kubwa mno. Pima kichwa urefu kutoka paji hadi kisogo. Ndani ya chapeo pazidi hapo kwa sentimita 2 hivi, nafasi inayotosha bitana la sufu nzito iliyogandamizwa la milimita 8 hadi 10. Bitana ndilo linaloamua. Chapeo tupu hukaa juu ya utosi, hucheza, na kila ikigongwa hugonga fuvu.

Ikikaa vizuri, ukingo wa mbele uko vidole viwili juu ya nyusi, masikio yako wazi, na vifuniko vya mashavu vinagusa shavu bila kubana taya. Kamba hutoka kwenye kinga ya shingo nyuma, hupita chini ya kidevu, na kufungwa kwenye pete za vifuniko. Tazama juu na uangalie kinga ya shingo: ikigonga mabamba ya mgongo kabla hujaona anga, chapeo na dirii hiyo havikubaliani. Kishungi si lazima. Askari wengi wa sanamu za vitani hawana.

Ngao

Ngao ndicho kifaa kikubwa ambacho mtu mwenye zana za kawaida za useremala anaweza kujitengenezea. Mfano bora wa ngao ya mstatili ni ule wa Dura-Europos huko Siria, wa karne ya 3, ulioko sasa Chuo Kikuu cha Yale: kimo cha sentimita 105.5, mbao nyembamba za tabaka tatu, za nje zikilala na ya kati ikisimama. Misri nayo ilitoa ngao ya umbo la yai huko Fayum, ndefu zaidi, kimo cha sentimita 128.

Kwa kuigiza, tumia karatasi tatu za plaiwudi ya milimita 2. Tengeneza kwanza fremu ya mbao iliyopinda, na uipinde zaidi kidogo kuliko unavyotaka ngao yenyewe, maana ikitolewa itafunguka kiasi. Paka gundi ya mbao kila sehemu, panga tabaka, zikaze kwa mikanda ya kubania mizigo kila baada ya sentimita 15, na uache kwa siku mbili. Anayeifungua baada ya saa chache hupata tabaka zilizoachana katikati, na hakuna njia ya kuzirudisha. Kisha toboa tundu la mkono katikati, lenye upana wa sentimita 12 hivi. Kishikio ni ufito uliolala mlalo, upitao nyuma ya ngao kutoka ukingo hadi ukingo; wengi huusimamisha wima, na ngao inageuka nzito mara mbili mkononi. Funika kwa kitani kilichogundishwa, paka rangi, na kwenye ukingo shonea ngozi mbichi iliyolowekwa au upige mfereji wa shaba. Ikikamilika na kitovu chake cha chuma kinachofunika tundu la mkono, isizidi sana kilo 7. Plaiwudi moja nene ya milimita 9 au 12 haitapinda, na ikilazimishwa itapasuka.

Dirii, hatimaye

Dirii ya pete yenye pete zilizofungwa kwa ncha tu, bila ribiti, hufunguka kwa uzito wake yenyewe na kuacha matundu. Nunua yenye safu za pete za ribiti zikipishana na safu za pete nzima, kipenyo cha ndani milimita 6 au chini yake. Uzito wake, kilo 8 hadi 11, wote huangukia mabegani. Kaza mshipi na uvute kiasi cha pete juu yake, sehemu ya mzigo ihamie nyongani.

Ya mabamba ina sehemu nne: mbili za mabega na mbili za kiwiliwili, zenye mabamba saba au nane ya nusu duara kila moja, yakishikwa na mikanda ya ngozi kwa ndani. Bati la geji 18, yaani milimita 1.2, linatosha; geji 16 huongeza uzito bure. Anayemwagiza fundi wa jua kali aikunjie nyumbani amwambie atumie chuma cheusi, si bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikichomwa hutoa moshi wa sumu.

Dirii hii hukaa vizuri au vibaya kwa sababu ya kitu kisichoonekana: mto wa mabega. Mabega ya binadamu huteremka, lakini mabamba ya mabega yameundwa yakae karibu na mlalo. Bila mto, upande wa nje huzama, mabamba mawili ya kifua yanapandana kwa chini na kuachana kwa juu, na ukingo wa ndani huingia shingoni. Fulana nzito ya kitani iliyojazwa sufu, yenye mito ya sentimita 2 hadi 4 upande wa nje wa bega, hunyanyua kila kitu na mabamba ya kifua hukutana yakiwa yamenyooka. Jaribu kwa taulo zilizokunjwa kabla ya kushona, ongeza na kupunguza mpaka mstari wa katikati usimame wima.

Kisha pima kiuno. Bamba la mwisho liishie juu ya mfupa wa nyonga. Keti chini na uiname: likikusukuma juu mpaka kidevu kiguse dirii, ondoa bamba moja la chini. Dirii nyingi za bei nafuu huja zikiwa pana kama pipa; kaza kila nusu kwa mkono ifuate ubavu, na ubadilishe mikanda ya ndani kama ni ya ngozi laini, maana hiyo ndiyo hukatika kwanza, hasa panapopita ribiti ya shaba.

Jasho huanza kula chuma siku hiyohiyo, na karibu na bahari hata hewa yenyewe inatosha. Kila baada ya kuvaa, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa chenye mafuta mepesi ya mashine, ukiingia chini ya kila bamba mahali linapolalia jingine. Kutu ndogo huondoka kwa msasa laini na mafuta. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki: unyevu wa ngozi hubaki humo, mikanda ikashika ukungu na chuma kikashika kutu. Itenganishe sehemu zake nne na uitie kwenye sanduku la mbao au mfuko wa turubai. Ukisafiri kwa ndege, upanga, jambia na kichwa cha mkuki viende kwenye mzigo unaokabidhiwa, vikiwa vimefungwa, pamoja na barua ya kikundi inayoeleza ni vya nini. Kauli ya shirika la ndege na ya nchi unayokwenda itafute kabla ya kununua tiketi.